Tepu Imegeuka Rangi, Seti Bado Haijathibitishwa: Kutafuta Kasoro Katika Usafishaji na Utakasaji wa Vifaa vya Upasuaji

Mwongozo huu ni wa aliyeko zamu CSSD, kitengo cha hospitali kinachosafisha na kutakasa vifaa, na wa muuguzi wa thieta aliyefungua seti (vifaa vya upasuaji vilivyofungwa pamoja) akakuta kitu kisichomridhisha. Umepangwa kwa dalili: anza na unachokiona, kisha rudi nyuma hadi kwenye chanzo. Karibu kila kasoro inayoonekana kwenye otoklevu (mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye presha) au mezani kwa daktari ilianza mapema zaidi, iwe kwenye sinki, kwenye kufunga, kwenye maji au kwenye boila. Ndiyo maana kuirudisha seti kwenye mashine na kuipitisha upya bila kujua kilichoharibika si utatuzi. Mara nyingi mzunguko wa pili unafuta ushahidi, na kasoro inabaki kumsubiri mgonjwa anayefuata.

Kwa hiyo, dalili iwe ipi, kwanza zuia. Toa mzigo wote wa mzunguko huo kwenye rafu ya vifaa vilivyo tayari, uweke pembeni ukiwa na lebo ya kukataza matumizi. Hifadhi kiashiria kilichofeli (kile kikaratasi kinachogeuka rangi) pamoja na karatasi iliyotolewa na mashine, andika saa na jina la aliyepakia. Usitupe kitu. Fundi vifaa tiba akifika bila karatasi hiyo ataishia kubahatisha.

Tepu ya nje imegeuka, kiashiria cha ndani hakijageuka

Tepu yenye mistari tunayofungia vifurushi inajibu swali moja tu: kifurushi hiki kimeshaingia kwenye otoklevu au bado? Haijui joto lilifika ngapi katikati ya seti wala lilidumu kwa muda gani. Kiashiria kinachowekwa ndani, hasa cha daraja la 5 au la 6 katika mpangilio wa ISO 11140, kiwango cha kimataifa cha viashiria, hakigeuki kikamilifu mpaka joto, muda na mvuke vikutane. Viwili hivyo vikipingana, amini cha ndani. Seti haitumiki, hata kama mgonjwa yuko mezani na daktari anaiulizia.

Kisha tafuta jibu la swali hili: ni kifurushi kimoja kilichofeli au ni mzigo mzima?

Kikiwa kimoja, kosa kwa kawaida ni la kufunga au kupakia. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hivyo bakuli lililowekwa chali linashika hewa kama linavyoshika maji, na mvuke hauwezi kuitoa. Bakuli, karai na sinia vilazwe kwa ubavu. Mikasi na fosepsi (koleo za kubania) ziwe wazi, zisibanwe kwenye meno yake ya kufungia. Chupa na makopo yasifunikwe. Seti isizungushiwe plastiki au mpira usiopitisha mvuke. Nguo za thieta zilizokunjwa na kubanwa mpaka mkono haupenyi kati ya kifurushi na kifurushi hazitapenywa na mvuke pia.

Pale tunapotumia bado dramu za bati zenye matundu ubavuni, zitazame kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mkanda wa dramu unatakiwa uwe wazi wakati wa mzunguko na ufungwe mara tu baada ya kutoka. Dramu iliyoingia ikiwa imefungwa itatoka na tepu iliyogeuka vizuri kabisa, huku nguo za ndani hazikuguswa na mvuke hata kidogo. Iliyotoka wazi na kuachwa wazi nayo ni hatari hiyo hiyo, kwa sababu kila upepo unaopita ukumbini unaingia ndani.

Mzigo mzima ukifeli, acha kulaumu aliyefunga. Tazama mashine. Kama ni otoklevu yenye pampu ya kunyonya hewa, rudi kwenye jaribio la Bowie-Dick la asubuhi hiyo. Jaribio hili lilibuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo ndilo linalotueleza kama hewa imetoka yote. Linafanywa kila siku kabla ya mzigo wa kwanza, baada ya mzunguko wa kupasha mashine, chemba (tumbo la mashine) ikiwa tupu, kifurushi cha jaribio chenye karatasi inayogeuka rangi kikiwa juu ya tundu la kutolea maji, kwa nyuzi 134 na dakika 3.5. Usiongeze muda ili karatasi igeuke vizuri. Ukiongeza, rangi itakamilika hata pale hewa ilipobaki, na jaribio litakuwa limekudanganya.

Karatasi ikitoka na rangi moja kuanzia kingo hadi katikati, hewa imetoka. Ikitoka na sehemu iliyofifia, hasa katikati, hewa ilibaki humo. Hapo fanya jaribio la uvujaji: mashine inanyonya hewa, inafunga vali zote, kisha inaangalia kwa dakika 10 presha inapanda kiasi gani. Kiwango kinachokubalika ni kisichozidi milibari 1.3 kwa dakika. Ikizidi, hewa inapenya kutoka nje: kagua raba ya mlango, pitisha kidole kuizunguka yote kutafuta mpasuko, nywele au uzi wa gozi ulionasa, kisha fundi akague viungo vya mabomba na vali. Isipozidi, mashine haivuji, basi tatizo ni pampu au mvuke wenyewe.

Kwa pampu kuna jambo ambalo hospitali za pwani zinalijua kwa uchungu. Pampu nyingi za otoklevu hutumia maji kuziba na kupoza, na maji yakiwa ya moto nguvu ya kunyonya hupungua. Tanki la plastiki juu ya paa, jua la Dar es Salaam la saa nane mchana, na pampu iliyofanya kazi vizuri asubuhi inaanza kufelisha mizunguko. Ukiona mashine inafeli mchana na kufaulu alfajiri, pima joto la maji yanayoingia kwenye pampu kabla ya kuagiza vipuri.

Kama otoklevu yako haina pampu na inategemea mvuke kuisukuma hewa chini, Bowie-Dick haikuhusu. Wewe safisha chujio la tundu la chini la chemba kila siku. Pamba, nyuzi za gozi na vipande vya tepu hukusanyika pale, na tundu likiziba hewa haina pa kutokea.

Seti imefaulu kila kipimo, lakini kuna damu kwenye bawaba

Hii ndiyo dalili inayoniumiza kuliko zote, maana viashiria vyote vitakuwa vimefaulu. Hakuna kiashiria kinachopima uchafu uliokuwepo kabla mlango haujafungwa. Damu na mafuta vikikauka juu ya chuma vinakuwa ganda, na mvuke hauui usichokigusa. Hata vijidudu vikifa, ile protini ni kitu kigeni ndani ya kidonda cha mtu. Kifaa kichafu hakitakasiki, hata ukikirudisha kwenye mashine mara ngapi.

Chukua ateri fosepsi moja, ile ya kubania mishipa ya damu, iliyokwisha kuoshwa. Ifungue hadi mwisho, ishike chini ya lenzi yenye taa, geuza upande wa bawaba. Tazama ule mwanya ambapo mkono mmoja unapita ndani ya mwenzake. Kisha ifungue na kuifunga mara kadhaa juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, utazame kitambaa. Mstari wa kahawia ukibaki pale, brashi haikufika. Fanya vivyo hivyo kwenye meno ya ncha, na kwenye vikata mfupa vyenye kipande kinachoteleza juu ya reli, kwani chini ya reli ndipo mabaki ya mfupa yanapojificha.

Mrija wa kunyonyea damu hauonekani ndani, kwa hiyo jicho halitoshi. Pitisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndani yake na uikinge inapotokea upande wa pili. Povu likitokea, damu imebaki. Rudisha mrija kwenye sinki. Ukimaliza suuza kwa maji mengi. Kumbuka kwamba damu iliyokwisha kupikwa na joto inaweza isitoe povu, hivyo kipimo hiki kifanyike kabla ya otoklevu. Hospitali yenye uwezo ipate vijiti vya kupimia protini, au kifaa cha kupima ATP (kemikali inayopatikana kwenye mabaki ya seli), iwe inachukua sampuli chache kila wiki na kuziandika daftarini. Matokeo ya siku moja hayasemi mengi. Yakianza kupanda wiki hadi wiki, kuna kitu kimebadilika kwenye sinki: sabuni, brashi, maji, au mtu mpya ambaye hakufundishwa.

Sasa chanzo. Mara nyingi ni muda. Upasuaji uliisha saa saba usiku, vifaa vikatupwa kwenye ndoo kavu, CSSD ikafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Damu ya saa sita na nusu haitoki kwa brashi peke yake. Dawa yake iko thieta: muuguzi anayemsaidia daktari afute vifaa kwa maji safi wakati upasuaji unaendelea, apitishe maji kwenye mirija kabla haijakauka, na mwishoni avifunike kwa taulo lililoloweshwa maji au apulize dawa ya kuvitunza unyevu. Asitumie salaini. Chumvi yake inatoboa chuma, na matundu hayo madogo ndiyo yatakayoshika damu ya mgonjwa wa kesho.

Chanzo cha pili tumekirithi kwenye mafunzo. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, na katika vituo vingi ndoo ile bado iko mlangoni mwa thieta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu uandaaji wa vifaa tiba hauipendekezi tena. Klorini inapoteza nguvu ikikutana na damu, inakula chuma, na inampa mwoshaji imani kwamba vifaa vimeshakuwa salama kuvishika. Kinga ya mwoshaji ni glavu nene, aproni, miwani na buti, na kupiga brashi kifaa kikiwa chini ya maji ili matone yasiruke. Najua kuiondoa ndoo ile kunazua mabishano. Yabebeni hadi kwenye kamati ya kuzuia maambukizi, yaamuliwe huko, mwongozo wa hospitali uandikwe upya. Isiwe zamu hii inaloweka na zamu ile hailoweki.

Chanzo cha tatu ni maji ya moto yaliyotangulia. Damu inaganda kwa joto kama ute wa yai. Suuza ya kwanza iwe ya maji ya baridi au ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 45; sabuni ya vimeng'enya, yaani yenye protini zinazovunjavunja uchafu, nayo ina kiwango chake cha joto kwenye lebo, na ukikivuka umekiua kile kimeng'enya ulichokilipia. Sabuni ya unga ya kufulia iache dobi. Povu lake linakuzuia kuona unachokisugua, na mabaki yake yanang'ang'ania chuma hadi ndani ya otoklevu. Stiliwaya nayo isiingie kabisa kwenye chumba hicho.

Wenye mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti wakague kama inafanya kazi kweli, kwa sababu inaweza kuunguruma vizuri huku haisafishi. Ning'iniza vipande vya karatasi ya alumini ndani ya maji, katikati na kwenye pembe, uwashe kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Vikitoka vimejaa vitobo vilivyoenea sawasawa, iko hai. Kipande kikitoka kizima, upande ule umekufa. Na maji mapya lazima yaendeshwe kwanza dakika chache bila vifaa ili hewa iliyomo itoke, vinginevyo mawimbi yanapotea kwenye mapovu.

Geji ya presha imefika, joto halijafika

Bango la ukutani linasema pauni 15 za presha kwa inchi ya mraba, nyuzi 121, dakika 15 kwa vifaa visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Geji ya kawaida hupima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua kadiri unavyopanda. Tanga au Mombasa, pauni 15 zinakupa nyuzi 121. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pauni zile zile 15 zinakupa nyuzi 117 na nusu hivi.

Nyuzi tatu na nusu zinaonekana kidogo, lakini kwa kanuni inayotumika kukokotoa nguvu ya mvuke, joto likishuka nyuzi 10 uwezo wa kuua spora (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) hushuka mara kumi. Nyuzi tatu na nusu peke yake zinaondoa zaidi ya nusu. Dakika 15 zilizohesabiwa kwa uaminifu kule Njombe zinafanya kazi ya takriban dakika 7. Muuguzi amefuata bango neno kwa neno, na seti haikutakasika.

Dawa yake ni kuongeza takriban pauni moja kwa kila mita 600 za mwinuko. Mbeya na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, inakuwa kati ya 17 na 18. Njombe ni 18 na kidogo. Kabla ya kupandisha, fundi vifaa tiba athibitishe kwamba chungu cha otoklevu na vali ya usalama vimetengenezwa kuhimili kiwango hicho. Asiguse mtu mwingine vali ile. Chungu kisipohimili, basi refusha muda kwa hesabu aliyoiandika fundi na kuithibitisha kwa kipimo cha kibaiolojia (cha spora hai, kinachoelezwa mbele), na bango lile la zamani ling'olewe ukutani. Otoklevu inayoongozwa na kihisi cha joto haina shida hii, kwa kuwa haianzi kuhesabu dakika mpaka joto lenyewe lifike.

Kama uko pwani na geji bado inapingana na kipimajoto, mara nyingi sababu ni hewa. Hewa iliyochanganyika na mvuke inatoa presha lakini haitoi joto. Kwa pauni 15 zile zile, chemba iliyotolewa hewa yote inafika nyuzi 121; iliyobaki na nusu ya hewa yake inafika nyuzi 112; ambayo haikutolewa hewa kabisa inaishia nyuzi 100. Wale wa vyungu vya jiko la gesi au mkaa waache vali ya hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo na kwa nguvu kwa dakika kadhaa ndipo waifunge. Kuifunga mapema ili kuokoa mkaa ni kosa linalojirudia sana vijijini.

Na tafadhali, kipimajoto cha chini kikipingana na geji ya juu, usiamue kwamba kipimajoto ndicho kibovu. Uamuzi huo umeshaua watu. Mwaka 1972 katika hospitali ya Devonport, Plymouth, Uingereza, wagonjwa waliwekewa dripu zilizojaa bakteria na baadhi yao wakafariki. Kamati ya Clothier iliyochunguza ilikuta kwamba hewa ilinasa chini ya chemba kwenye kiwanda kilichotengeneza dripu hizo, chupa za chini hazikupata joto, na kipimajoto kilionyesha hivyo. Wahudumu walidhani kipimajoto kina hitilafu, wakaamini geji nyingine. Vipimo viwili vikipingana, mzigo unazuiwa mpaka fundi aseme kipi ni kweli.

Vifurushi vinatoka vimelowa

Kifurushi chenye unyevu kihesabiwe hakijatakasika, kwani kitambaa kilicholowa kinavuta vijidudu kutoka mkononi na mezani hadi ndani. Hakianikwi juani, hakipigwi pasi. Kinafunguliwa na kuanza upya.

Mahali ulipo unyevu ndipo penye jibu. Kimoja tu kikilowa, pima uzito wake: seti ya chuma isizidi kilo 11 hivi, na iliyozidi igawanywe mara mbili hata kama daktari bingwa amezoea kuiona moja. Vya juu vikilowa kwa matone, maji yanadondoka kutoka dari ya chemba au bomba la mvuke. Vya chini vikilowa, tundu la kutolea maji limeziba, au kwenye chungu umejaza maji mpaka yakafika kwenye wavu. Vikilowa vyote, mvuke wenyewe umebeba maji: boila imejazwa kupita kiasi, bomba refu halikufunikwa likapoteza joto njiani, au ile trapu inayotoa maji na kubakiza mvuke imekwama. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna pia unyevu unaozaliwa baada ya mlango kufunguliwa. Seti ya moto ikiwekwa juu ya meza ya chuma au sakafu ya sementi, mvuke uliobaki ndani unageuka maji pale pale. Iache kwenye kitoroli cha wavu angalau nusu saa, kubwa hata zaidi, bila kuigusa na mbali na feni. Thieta ikipiga simu mara tatu ikiitaka, jibu liwe lile lile.

Madoa na kutu

Chukua kifutio cha penseli usugue doa. Likitoka na chini yake chuma ni laini, ni doa tu. Tafuta maji au sabuni. Likibaki, au likitoka na kuacha kijishimo, ni kutu iliyokwisha kula chuma, na kifaa hicho kiondolewe kwenye seti kabla hakijawaambukiza wenzake.

Weupe wa ungaunga ni chumvichumvi za maji. Dodoma yenye maji magumu na visima vya chumvi vya pwani wanauona kila siku. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa madini, na boila ilishwe hayo hayo. Rangi za upinde wa mvua zinatokana na joto kupita kiasi au madini ya maji, na weusi mara nyingi ni sabuni yenye asidi au klorini ambayo haikusuuzwa. Vifaa vya kroomu iliyobanduka visikae chombo kimoja na vya stenlesi, maana kutu inahama.

Kipimo cha kibaiolojia kimeota

Kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, kilichopita kwenye otoklevu na kisha kukaa kwenye inkyubeta (kabati la joto la kuoteshea vijidudu) ya nyuzi 55 hadi 60, kinatakiwa kisiote. Kikiota, otoklevu inasimama saa hiyo hiyo. Mjulishe mkuu wa kitengo na kamati ya kuzuia maambukizi, uvute vifurushi vyote vilivyopita kwenye mashine hiyo tangu kipimo cha mwisho kilichofaulu. Vilivyokwisha kutumika viorodheshwe pamoja na namba za wagonjwa ili madaktari wawafuatilie. Kisha kagua kilichokuwa kwenye mzunguko ule: karatasi ya mashine inaonyesha joto gani, kichupa kiliwekwa wapi, mzunguko uliochaguliwa ulikuwa sahihi kwa mzigo ule? Rudia kipimo, lakini usirudishe mashine kazini kwa sababu tu kipimo cha pili kimefaulu ilhali cha kwanza hakijapatiwa maelezo.

Kinyume chake kinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna anayekishtukia. Kila kipimo lazima kiwe na mwenzake wa toleo lile lile ambaye hakupita kwenye otoklevu, na yule lazima aote. Asipoota, si kwamba kipimo kimefaulu, bali hakikufanyika. Ama vichupa vimepitwa na muda, ama ampuli ya ndani yenye majimaji ya kuoteshea haikuvunjwa, ama inkyubeta ilikuwa baridi. Kwetu sababu ya kawaida ni umeme: ulikatika usiku, inkyubeta ikapoa, na asubuhi vichupa vyote viwili ni vya zambarau, rangi ya kisichoota, na daftari linaandikwa safi. Iunganishwe kwenye saketi ya jenereta, iwe na kipimajoto ndani, na joto lisomwe na kuandikwa kila zamu.

Kipimo kifanyike angalau mara moja kwa wiki kwa kila otoklevu, na katika kila mzigo wenye vyuma au plastiki zitakazobaki mwilini mwa mgonjwa. Vyuma vya mifupa visitoke CSSD kabla ya matokeo.

Umeme ulikatika katikati ya mzunguko

Dakika zilizopita hazihesabiki. Ukirudi, mzunguko unaanza mwanzo, pamoja na kutoa hewa. Kama vifurushi vilikwisha kulowa, vifunguliwe na kufungwa kwa vitambaa vikavu kwanza.

Seti haijulikani ilipita lini

Kifurushi kisicho na tarehe, namba ya otoklevu, namba ya mzunguko na sahihi ya aliyekifunga kinarudi sinkini, hata kiwe kimefungwa vizuri namna gani. Bila namba hizo, siku kipimo cha kibaiolojia kitakapoota utalazimika kuvuta vifurushi vya hospitali nzima, au usivute chochote.

Kurudisha otoklevu kazini

Baada ya matengenezo makubwa, ya pampu, vali, raba ya mlango au kihisi, mashine haipokei seti ya mgonjwa kwa neno la fundi peke yake. Endesha mizunguko mitatu mfululizo ikiwa na kipimo cha kibaiolojia na chemba ikiwa tupu, na kwa mashine zenye pampu ongeza Bowie-Dick tatu mfululizo. Zote zifaulu. Moja ikifeli katikati, hesabu inaanza upya. Karatasi zote zibandikwe kwenye daftari la mashine pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa, na sahihi mbili: ya fundi, na ya mkuu wa zamu aliyeshuhudia.